Kompyuta Kongwe Zisihukumiwe Bila ya Ushahidi

Tangu kampuni ya Microsoft ilipokomesha, tarehe 14 Oktoba 2025, huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, kompyuta za mezani zilizokuwa zikihesabiwa kuwa mali zimeanza kutazamwa kama takataka, na mkuu wa shule au wa afisi anayeambiwa na muuzaji kuwa mashine zake zimekwisha, aghalabu huikubali hukumu hiyo pasina kutaka ushahidi. Kwa rai yangu, hiyo ni israfu ya mali ya umma.

Chukua mathalani Dell OptiPlex 7010 iliyotoka mwaka 2012. Ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 4 tu, mtumiaji akifungua kurasa kadhaa za intaneti pamoja na waraka anaouandika, nafasi hujaa, na mashine hulazimika kuihamishia sehemu ya kazi yake kwenye diski, ambayo ni nzito mno ikilinganishwa na RAM. Naye mwenyewe hudhani prosesa imezeeka, ilhali prosesa imekaa ikingoja tu. Na kasha lake kubwa lina matundu manne yanayopokea hadi GB 32! Yatosha fundi ajue kuwa RAM ya aina ya DDR3 haiingii katika tundu la DDR4, na kuwa Windows ya biti 32, hata mashine ikijazwa RAM, kwa kawaida haivuki GB 4.

Ama BIOS, yaani ile programu ya asili ikaayo ndani ya madabodi na kuiamsha mashine kabla ya Windows, hiyo yataka hadhari zaidi. Zipo mashine zisizoitambua RAM au prosesa mpya mpaka BIOS ibadilishwe. Na zilipotangazwa Januari 2018 kasoro za usalama za prosesa ziitwazo Spectre na Meltdown, sehemu ya tiba yake ilipitia njia hiyo hiyo. Lakini faili la BIOS lazima litoke kwa mtengenezaji mwenyewe, liwe la modeli ile ile, na umeme ukizimika katikati ya kuandikwa, madabodi yaweza isiamke tena. Kwa hivyo, katika miji yetu, ambako umeme hukatika bila ya kubisha hodi, kuigusa BIOS pasipo UPS, yaani betri ya akiba, ni taksiri isiyo na udhuru. Wala siwaungi mkono wanaoibadilisha kwa kupenda upya tu: ikiwa toleo jipya halileti kinga wala uwezo unaohitajika, iachwe.

Mpaka upo, sikatai. OptiPlex hiyo haina TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama, wala prosesa inayokubaliwa na Windows 11, na hakuna RAM itakayoligeuza jambo hilo. Itiwe mfumo wa Linux, nayo itaandika barua na kufundishia watoto kwa miaka mingine. Walakini, miongoni mwa zilizotoka tangu 2018, zimo ambazo TPM zinayo ndani, imezimwa tu katika BIOS, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache isiyogharimu hata senti moja.

Basi nawasihi wenye kutia saini za ununuzi: kabla ya kuidhinisha kompyuta mpya hata moja, mwiteni fundi msiyenunua kwake, aandike kwa kila mashine modeli yake, RAM iliyomo, matundu yaliyo matupu na toleo la BIOS, na karatasi hiyo iwekwe mezani pamoja na bei za muuzaji.