Mjamzito Anataka Mtu wa Kumjibu

Programu za simu za kuwaelimisha wajawazito zinazidi kuongezeka, na nia yake ni njema. Ila wengi wa wanaozitengeneza hufikiri kwamba kitu kikiwa kizuri, mama atakifuata mwenyewe. Sivyo. Mjamzito huipokea elimu ya simu anapoelekezwa na mtu anayemwamini, na hudumu nayo anapouliza akajibiwa. Picha na rangi ni mambo ya baadaye.

Ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 2009 na 2010 wajawazito 2,550 waliingizwa kwenye utafiti katika vituo vya afya 24 vya Unguja. Katika nusu ya vituo hivyo, akina mama walitumiwa meseji za mafunzo na kupewa vocha ili waweze kumpigia mhudumu wa afya. Haikuhitajika simu janja wala bando, kitochi kilitosha. Huko, asilimia 60 walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Katika vituo vilivyobaki walikuwa asilimia 47. Mimi naipa vocha ile heshima kubwa, kwa sababu meseji humwambia mama, lakini vocha humwezesha kusema.

Matokeo hayo yana upande mchungu pia, tusiufiche. Faida ilionekana kwa akina mama wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Anayeijua shamba hatashangaa. Kituo ki mbali, gari la usiku ni la kubahatisha, na simu ya nyumbani mara nyingi ni moja, tena ya mume. Mume akienda dago kuvua, simu huenda naye. Meseji inayomwonya mkewe kwamba kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu na uso ukavimba, akimbilie kituoni kwa kuwa hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, inalia kwenye kambi ya wavuvi. Baba anaisoma, anairudisha simu mfukoni, anaendelea kutengeneza nyavu. Siku atakayorudi nyumbani ameshaisahau, na mkewe ameshinda siku zote hizo akidhani ni uchovu tu.

Kwa hiyo enyi waume, msidhani jambo hili ni la wanawake peke yao. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2012, ililitambua hilo mapema. Mama alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, akapata mafunzo bure kwa Kiswahili, na aliyetaka kumsaidia mjamzito aliweza kujiandikisha pia. Jiandikisheni basi katika huduma zilizopo. Na meseji ikiingia kwenye simu yako ukiwa mbali, mpigie jirani mwenye simu, mkeo asomewe siku hiyo hiyo.

Liko pia jambo la siri. Kwetu mimba changa haitangazwi. Programu inapomtaka mama jina, namba na tarehe ya hedhi yake ya mwisho, anajiuliza: nani atayasoma haya? Ana haki ya kuuliza. Ninyi mnaotengeneza programu, mwambieni kwa Kiswahili chepesi taarifa zake zinakaa wapi na nani anaziona. Mkishindwa kumweleza, msizichukue.

Nanyi manesi na wakunga, najua mzigo wenu. Foleni ni ndefu, na mama wa mwisho kwenye benchi amefika tangu alfajiri. Hata hivyo neno lenu moja lina uzito kuliko matangazo yote ya redioni. Mkimwambia, "Mwanangu, jiunge na hii, nami naijua," atajiunga. Mkinyamaza, atasikiliza ya shoga yake wa jirani, ya kweli na ya uongo.

Naziomba wizara zetu za afya, Bara na Visiwani, zitie uandikishaji wa elimu hii ya simu katika hudhurio la kwanza la kliniki, palepale anapoandikiwa kadi na kupewa vidonge vya kuongeza damu. Nesi amwandikishe mwenyewe, asimwachie karatasi ya maelekezo. Amwulize simu ni ya nani, na mchana inakaa kwa nani. Ikiwa si yake, iandikwe kwenye kadi namba ya mtu wa pili anayeshinda karibu naye: mama mkwe, wifi au jirani, ambaye mjamzito mwenyewe amemchagua.