Kabla Hujatoa Kiingilio cha Chama cha Safari



Juma hili nimepokea barua kutoka Kamembe, mji ulio juu ya kilima huko Cyangugu, katika wilaya ambayo siku hizi huitwa Rusizi. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu. Yeye ni muuguzi na mumewe ni mwalimu. Anasema kwamba nyumbani kwake hapana ugomvi, ila pana karatasi mbili mezani ambazo zimewanyima usingizi.

"Shangazi," anaandika, "mume wangu ataka tuingie katika chama cha wasafiri ambacho wakala wake alipita shuleni kwao. Twatakiwa kutoa ada ya miaka mitatu kwa mara moja, kisha tutapunguziwa bei kila tutakapolala katika nyumba za wageni zilizomo katika orodha yao. Nami jirani zangu waniita katika ikimina cha safari. Tutakuwa kaya kumi na mbili, kila mwezi twachanga, na mwaka ukiisha twakodi gari na kwenda kutembea pamoja na watoto. Lakini fedha tuliyo nayo ni ile tuliyoiweka kwa ajili ya binti yetu aingiaye sekondari mwezi wa Septemba. Mume wangu asema tutaokoa fedha nyingi njiani, nasi tutairudisha kabla ya Septemba. Nifanye nini?"

Mwanangu, swali lako si dogo, wala si lako peke yako. Kwa ajili hiyo nimeona nikujibu hapa, ili na wengine wafaidike.

Vyama hivi vilianzaje?

Kwanza tufahamu asili ya jambo lenyewe. Huko Uingereza, mwaka 1885, daktari mmoja aliyewahi kutumika katika jeshi la majini, William Gordon Stables, alitengenezewa nyumba ya magurudumu iliyovutwa na farasi, akazunguka nayo nchini kwa kujifurahisha tu. Watu wakapendezwa, na mwaka 1907 waliokuwa na nyumba za namna hiyo wakaunda chama chao. Huko Marekani, baada ya magari yenye vitanda na jiko ndani yake kuenea, kilizaliwa mwaka 1966 chama kiitwacho Good Sam, yaani Msamaria Mwema, kwa nia kwamba mwanachama akimkuta mwenziwe ameharibikiwa na gari njiani asimame amsaidie. Mwaka 1969 ikatokea kampuni ya Thousand Trails, iliyowauzia watu uanachama wa viwanja vya kupigia kambi: mtu hulipa fedha nyingi mwanzoni, kisha hulala katika viwanja hivyo bila ya kulipa kila usiku, au kwa malipo madogo.

Hata kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Chama cha wenye magari cha Kenya kilianza mwaka 1919, na kazi yake tangu zamani imekuwa kumsaidia mwanachama gari lake linapokwama, na kumpatia hati za kuvusha gari katika mipaka ya nchi.

Basi ukivitazama vyama hivi vyote, utaona kwamba ni vya namna tatu. Kuna kile kinachokuuzia punguzo la bei. Kuna kile kinachokuuzia mahali pa kulala, ukalipa kabla hujalala. Na kuna kile kinachokuuzia msaada wa wenzako. Mtu akikuletea karatasi, muulize kwanza: hiki chako ni cha namna gani?

Hesabu ya punguzo

Sasa tuchukue daftari na kalamu. Hukunieleza bei zenu, kwa hiyo nitatumia hesabu ya mfano, nawe utaweka tarakimu zako mahali pake. Tuseme kiingilio ni faranga 30,000, na ada ya kila mwaka ni faranga 24,000. Kwa miaka mitatu mtatoa 102,000. Tuseme tena kwamba chumba ni faranga 15,000 kwa usiku, na punguzo ni asilimia 20. Kila usiku mtaokoa faranga 3,000. Gawanya 102,000 kwa 3,000: jibu ni 34. Maana yake, ni lazima mlale usiku 34 katika nyumba hizo ndani ya miaka mitatu ili fedha yenu irudi tu. Faida itaanza usiku wa thelathini na tano.

Hapo ndipo ninapokuuliza, mwanangu, swali ambalo wakala hakumwuliza mumeo: mwaka jana mlilala katika nyumba ya wageni siku ngapi?

Nadhani nalijua jibu. Mkienda Kigali mnalala kwa shemeji. Mkienda Huye mnalala kwa mama mdogo, naye akisikia kwamba mmepanga chumba hatawasamehe. Mkienda msibani mnalala kwa wafiwa. Ndiyo desturi yetu, na ni desturi njema. Mgeni hapewi risiti. Yule Mzungu anayeishi ndani ya gari lake miezi sita kwa mwaka, usiku huu hapa na kesho kule, hana shemeji katika kila mji. Kwake yeye punguzo la kila usiku ni mali kweli. Chama kilichobuniwa kwa haja zake hakiwezi kutufaa sisi kwa sababu tu kimetafsiriwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: pima chama kwa safari ulizokwisha kuzifanya, usikipime kwa safari unazoziota. Safari za ndotoni hazina ukomo wala hazina nauli, na wakala mwerevu huuza hizo.

Yaliyonipata mimi

Nisionekane kama mtu anayesema asiyoyajua. Miaka mingi iliyopita mimi na marehemu mume wangu tuliingia katika chama cha namna hiyo. Tulilipa yote kwa mara moja, tukapewa kadi nzuri yenye picha ya pwani. Pasaka ya kwanza tulipotaka nafasi tuliambiwa nyumba zimejaa. Krismasi, vilevile. Tulipopata nafasi hatimaye, ilikuwa katikati ya muhula, watoto wako shuleni. Katika miaka mitatu tuliitumia kadi ile mara moja. Hatukuibiwa, maana kila neno lilikuwa limeandikwa, ila kwa herufi ndogo: punguzo halikuhusu siku za sikukuu wala likizo za shule. Tulikuwa tumenunua siku ambazo hatukuwa na haja nazo.

Tazama na mahali

Jambo la pili ni mahali mlipo. Chukueni ile orodha ya nyumba za wageni mkaisome pamoja, huku mkiwaza njia zitokazo Kamembe. Njia moja yapanda mashariki, yapita mashamba ya chai ya Gisakura na kuingia katika msitu wa Nyungwe, kisha Huye na Kigali. Njia ya pili yafuata ukingo wa Ziwa Kivu kuelekea kaskazini hadi Karongi na Rubavu. Njia ya tatu yashuka kusini kwenye joto la Bugarama, penye chemchemi za maji moto. Tena kuna daraja la Mto Rusizi, na ng'ambo yake ni Bukavu. Ikiwa nyumba nyingi za orodha hiyo ziko Mombasa na Zanzibar, jiulizeni mtafika huko mara ngapi, na nauli ya watu watano mtaitoa wapi. Punguzo la chumba kilicho mbali humezwa na nauli ya kukifikia.

Angalieni pia msije mkauziwa haki yenu wenyewe. Katika hifadhi za taifa za Rwanda, mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Msitu wa Nyungwe, uliofanywa hifadhi ya taifa katika miaka ya 2000 na kutiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023, uko mlangoni kwenu. Pale Uwinka kuna lile daraja la kuning'inia juu ya vilele vya miti, lililofunguliwa mwaka 2010. Kabla ya kushukuru chama kwa punguzo, ulizeni bei ya mwananchi ni kiasi gani. Punguzo ambalo kitambulisho chako chaweza kukupatia bure, halifai kulipiwa ada.

Na ikimina je?

Sasa tuje kwenye karatasi yako wewe. Kila Mnyarwanda anajua ikimina ni nini: watu wanaojuana huchanga, huweka, na hugawana kwa zamu au kwa shabaha. Cha jirani zako shabaha yake ni safari. Tuseme kila kaya yatoa faranga 5,000 kwa mwezi. Kaya 12 zitapata 60,000 kwa mwezi, na 720,000 kwa mwaka. Hapa hapana punguzo lolote lililoahidiwa, lakini pana mambo matatu ya thamani. Gari moja likikodiwa na kugawanywa kwa wengi, mzigo wa kila mmoja hupungua. Fedha hukusanywa kidogo kidogo kabla ya safari, hivyo hakuna anayerudi nyumbani na deni. Tena mtoto wako akitapika katika kona za Nyungwe, patakuwa na akina mama kumi na mmoja wa kukushikia mwingine. Huo ndio usamaria mwema wenyewe, nao hauhitaji kadi.

Walakini sitaki ujitupe humo macho yamefungwa. Ibimina vingi vimevunja ujirani wa miaka. Mmoja huchelewa kuchanga, mwingine huhama, na mweka hazina hukopa "kidogo tu" akidhani atarudisha. Kwa hiyo, kabla hujatoa faranga ya kwanza, hakikisha mambo haya yameandikwa na kutiwa sahihi na wote:

Kwanza, fedha inawekwa wapi. Benki au SACCO ya mtaa wenu ni bora kuliko kabati la mtu. Ikiwa ni sanduku, liwe na kufuli tatu, na funguo zake zishikwe na watu watatu tofauti, kama vifanyavyo vikundi vingi vya kuweka na kukopa.

Pili, nani anasoma hesabu, na lini. Isomwe kwa sauti katika kila mkutano, mbele ya wote.

Tatu, atokaye kabla ya safari anarudishiwa nini. Hili ndilo swali ambalo watu huona haya kuliuliza, nalo ndilo linalowagombanisha baadaye.

Nne, je, fedha ya safari yaweza kukopeshwa? Ushauri wangu ni kwamba isikopeshwe hata kidogo. Fedha yenye kazi mbili aghalabu haifanyi hata moja.

Tano, safari ni ya wapi na siku gani. Msipange kuondoka asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana ni saa za umuganda, na shughuli husimama mpaka kazi imalizike. Mkichagua kuvuka kwenda Bukavu, ulizeni ofisi ya uhamiaji juma lilelile kama mpaka u wazi na hadi saa ngapi, kwa kuwa miaka hii mambo ya huko yamekuwa yakibadilika. Mkienda Nyungwe, kila mtoto awe na sweta, hata kama Kamembe jua lawaka.

Fedha ya binti

Nimeliacha neno kubwa mwisho. Fedha ya shule ya binti yenu isiguswe, wala kwa chama cha mumeo wala kwa ikimina chako. Sisemi hivi kwa kuwa safari ni anasa. La hasha! Watoto waliouona msitu wao na ziwa lao pamoja na wazazi wao wamepata elimu ambayo haimo darasani. Lakini fedha ya safari haina budi kutoka katika mapato ya mwezi, baada ya chakula, kodi na ada. Kama kila mwezi hamwezi kubakiza ule mchango mdogo wa ikimina, basi mwaka huu nendeni Gisakura siku moja kwa basi, mkiwa na chakula chenu katika kikapu, mrudi jioni. Chama hakihitajiki kwa hilo.

Na kuhusu mumeo, usimwambie kwamba amedanganywa. Amewatakia mema, nalo ni jambo la kumshukuru. Mkae jioni, watoto wakiisha lala, mfungue daftari la mwaka jana. Mwombe yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwalimu, afanye ile hesabu ya kugawanya. Akipata jibu, mwulize taratibu: "Baba, usiku huo wote tutalala wapi, na shemeji tumwambieje?" Nadhani atacheka, na akicheka mambo yamekwisha.

Kwa kifupi, mwanangu: cha kwanza kiacheni. Cha pili ingieni kwa mwaka mmoja tu, kwa mchango mnaoumudu, na kwa masharti yaliyoandikwa. Mwaka ukiisha, mtajua kama kuendelea kuna faida. Chama kizuri hakiogopi kupimwa kwa mwaka mmoja, na kinachokutaka ulipe miaka mitatu leo kina sababu yake.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema, ndefu kwa fupi.