Mgeni Mjini Kwetu

Nimezaliwa Mji Mkongwe lakini sikuwahi kutembezwa. Mwezi uliopita mume wangu akatulipia mtembeza watalii, eti na sisi tuwe wageni. Nilicheka! Mkunazini kicheko kikaisha: ndani ya kanisa la Anglikana tukaonyeshwa madhabahu, paliposimama mti wa kuchapia watumwa. Soko lile lilifungwa 1873, nami nilipita hapo kila siku nikienda shule.

Jioni tukapanda jahazi Forodhani, jua likizama. Mume wangu akaanza kunisimulia babake, baharia aliyeondoka na jahazi kama lile asirudi. Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kumuuliza!

Mwezi huu, mtoe mwenzio matembezi hapo hapo mtaani. Muulize, halafu nyamaza umsikilize.