Kijana katoka hospitali, shamba limebaki



Nimerudi jana kutoka hospitali moja ya huku kwetu Pwani, hasira zimenijaa hadi kooni. Mtoto wa kaka yangu ametoka, alhamdulillahi, anatembea kwa magongo. Kilichobaki kule ni hatimiliki ya shamba la marehemu baba yetu.

Mimi ni mama karanga, mkaanga samaki, hapa Bodo. Kijana huyu ndiye hunichukulia samaki madau yakitia nanga, akawapeleka hadi barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga. Siku hiyo amesimama kando ya lami na ndoo yake, matatu ikaacha njia ikamfuata huko huko. Mfupa wa paja ukavunjika. Matatu ina bima, stika iko kwenye kioo, na polisi wameandika kwamba kosa ni la dereva. Hakuna anayebisha.

Hospitali walimpokea, haki yao niwape, damu wakaizuia. Katiba, Kifungu cha 43, yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Shida ni bili. Kuhusu SHA, bima ya afya ya taifa, kwanza tuliambiwa mtandao umelala, kisha eti kijana hajalipia. Shilingi 300 kwa mwezi si nyingi, lakini asiye na mshahara hutakiwa atoe za mwaka kwa mpigo, 3,600, na kusi ikivuma hapa hata nauli hatuna. Nilipouliza ile hazina ya dharura iliyoandikwa kwenye sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023, karani alinitazama kana kwamba nimeuliza habari za mwezini.

Mguu ukatiwa chuma, kidonda kikakauka, daktari akasaini aende nyumbani. Hakwenda. Kila usiku kitanda kikaendelea kuhesabiwa. Nikawaambia, mwenye matatu ana bima, mdaini yeye. Mhasibu akanijibu, "Mama, sisi hatuijui bima, tunamjua mgonjwa." Mwishowe kaka akaleta hatimiliki. Wakaitia kwenye bahasha ya kaki, wakaipiga pini juu ya faili, wakaandika kwa kalamu nyekundu: DENI. Kaka yangu alikuwa akiitazama ile pini tu.

Wakili ametueleza kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya kina mama waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, ilisema kumfungia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Na Mombasa hapa, tangu 1998, mahakama ilishakataza hospitali kushika maiti kwa deni. Basi maiti kaachiwa, mgonjwa kaachiwa, sasa zamu ni ya mashamba.

Wakili huyo huyo asema fidia tutapata, ila tusubiri, na kesi zenyewe twazijua zinavyoahirishwa. Bima ya gari hulipa aliyeumizwa hadi milioni 3. Pesa zipo, jamani! Uingereza, gharama za hospitali za umma hudaiwa bima ya dereva, mgonjwa yuko kwake ajiuguza. Marekani, katika majimbo mengi, hospitali huandikisha deni lake juu ya fidia yenyewe, ikatoka ikakatwa. Hata huko watu hulalamika kwamba hospitali na wakili wakishachota, aliyevunjika huachiwa makombo, kwa hivyo tukiiga hiyo tuiwekee kikomo. Lakini yoyote kati ya hizo ni afadhali kuliko kumkamua mtu ambaye hakuendesha gari wala hakugonga mtu. Hospitali na bima wakae meza moja, wadaiane wenyewe.

Na hiyo hatimiliki! Watu wa Kwale twajua tulivyoisotea. Uchaguzi ukikaribia, wanasiasa huja na ngoma na mahema wakatugawia hati, kamera zikiwaka. Hakuna aliyetuambia zitalala kwenye droo la hospitali. Ambulansi nazo huzinduliwa kwa mbwembwe hizo hizo, ila siku ya ajali tuliambiwa hazina mafuta. Kijana wetu alipelekwa kwa pikapu, juu ya makreti ya samaki. Waheshimiwa wenyewe wakiugua hawaulizwi dhamana. Bima yao twailipa sisi.

Mwaka 2027 watataka kura za kisiwa cha Funzi, na boti za Funzi hutoka hapa kwetu. Nitakuwa pale pale ninapokaangia, na kabla hawajapanda nitawauliza mswada wa jambo hili uko wapi.

Mama karanga,
Bodo, Kaunti ya Kwale