Anayetaka Kumjua Neil Young Asianzie Mavunoni

Kila jina la Neil Young linapotajwa mbele ya vijana wetu wanaopenda muziki wa roki, huzuka swali lile lile: mtu aanzie wapi? Swali lenyewe ni la haki. Mwanamuziki huyu, aliyezaliwa Toronto nchini Kanada mnamo Novemba 12, 1945, ametoa zaidi ya albamu 40 za studioni tangu aanze kurekodi kwa jina lake mwenyewe mwaka 1968. Hizo ni mbali na zilizonaswa jukwaani, mbali na alizozitoa pamoja na wenzake, na mbali na makasha makubwa ya kumbukumbu aliyoyafungulia umma mwaka 2009, 2020 na 2024. Mwenye kudhamiria kuzisikiliza zote kwa mfuatano atahitaji majuma kadhaa, na yamkini atakata tamaa kabla ya kuumaliza muongo wa kwanza.

Jibu linalotolewa aghalabu ni jepesi. Mgeni huambiwa aanze na Harvest, albamu ya mwaka 1972, kwa kuwa ndiyo iliyopendwa na wengi, au achukue mkusanyiko wa nyimbo mashuhuri ili aokoe muda na fedha zake. Nathubutu kusema kwamba ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, umewapotosha wasikilizaji wengi. Humfikisha mgeni barazani, akapewa kahawa na haluwa, kisha akaondoka akidai kwamba anaijua nyumba na wote waliomo.

Msomaji asinielewe vibaya. Harvest si albamu mbovu. Ilirekodiwa kwa sehemu kubwa mjini Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri, na wimbo wake “Heart of Gold” ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwaka huo wa 1972, jambo ambalo halijamtokea Young tena kwa wimbo mwingine wowote. Linda Ronstadt na James Taylor ndio wanaomwitikia. Gita ni la mbao, kinanda cha mdomo kinalia taratibu, na sauti yake nyembamba haimtishi mtu. Sisi Wakenya, tuliolelewa na redio zilizotuzoesha Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers, tukiisikia albamu hiyo tunajiona tumefika kwetu. Hapo ndipo penye hatari. Tunampokea Young kama mmoja wa waimbaji wale wapole, na siku tunapokutana na gita lake la umeme likinguruma kwa dakika kumi tunadhani redio imeharibika.

Isitoshe, mwenyewe alikwisha kutuonya. Mwaka 1977 alipotoa Decade, mkusanyiko wa santuri tatu alioupanga kwa mkono wake, aliandika maelezo mafupi kuhusu kila wimbo. Kuhusu “Heart of Gold” alisema kwamba wimbo huo ulimweka katikati ya barabara, na kwamba kusafiri hapo kulimchosha upesi, kwa hiyo akaelekea mtaroni. Tangu hapo wapenzi wake wameziita albamu tatu zilizofuata Harvest kuwa ni za mtaroni: Time Fades Away ya mwaka 1973, On the Beach ya mwaka 1974, na Tonight's the Night iliyotoka mwaka 1975.

Ni jambo gani linalomtoa mtu barabarani, akiwa kileleni mwa mafanikio, akaingia mtaroni kwa hiari yake? Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu la mahali pa kuanzia, na sitaliharakisha.

Mwaka 1969 Young alikuwa kijana wa miaka 23, aliyekwisha kuachana na bendi ya Buffalo Springfield na kutoa albamu moja peke yake ambayo haikutikisa kitu. Akakutana na vijana waliokuwa wakipiga muziki Los Angeles kwa jina la The Rockets. Akawachukua watatu kati yao: Ralph Molina mpiga ngoma, Billy Talbot mpiga gita la besi, na Danny Whitten, mpiga gita na mwimbaji. Akawapa jina la Crazy Horse. Hawakuwa mafundi wa kutajika, na wapo hadi leo wanaowacheka kwa jinsi wanavyopiga. Lakini walikuwa na mdundo mzito, wa polepole, kama mtu anayetembea kwenye tope akiwa na hakika kwamba atafika, na juu ya mdundo huo Young aliweza kuliachilia gita lake liende litakako.

Kwa pamoja walitoa Everybody Knows This Is Nowhere mnamo Mei 1969. Ina nyimbo saba tu. Mbili kati yake, “Down by the River” na “Cowgirl in the Sand”, zina urefu wa dakika tisa na dakika kumi hivi. Kwa maelezo yake mwenyewe, Young alizitunga hizo mbili pamoja na “Cinnamon Girl” katika siku moja, akiwa kitandani ana homa kali. Na asikilizaye vizuri atamsikia Whitten kila mahali: gita lake halijitokezi mbele, lakini ndilo linaloujaza wimbo na kumpa mwenzake nafasi ya kutangatanga, sauti yake inashikana na ya Young hata huwezi kuona kiungo. Niulizeni ni ipi siri ya albamu hiyo, nami nitawajibu kwamba ni Danny Whitten.

Sasa twende Novemba 1972. Harvest imeuzwa mno na Young anajiandaa kwa ziara kubwa ya majukwaani. Amemwita Whitten aje mazoezini, ingawa anajua kwamba mwenzake amekuwa mtumwa wa heroini. Whitten anashindwa kufuata nyimbo. Young anamwondoa katika bendi, anampa dola 50 na tiketi ya ndege ya kurudi Los Angeles. Usiku ule ule Whitten anafariki kutokana na dawa na pombe. Miezi michache baadaye, mnamo Juni 1973, Bruce Berry, aliyekuwa akibeba na kutunza vyombo vya bendi, naye anauawa na heroini. Young amekiri hadharani kwamba alijihisi kuwajibika kwa kifo cha Whitten.

Albamu za mtaroni zilizaliwa na misiba hiyo. Watu walijaa ukumbini mapema mwaka 1973 wakitaka nyimbo tamu za Harvest, wakapewa nyimbo mpya zenye ukali ambazo hakuna aliyezijua. Zilizonaswa katika ziara hiyo ndizo zilizokuwa Time Fades Away, albamu ambayo mwenyewe aliichukia kiasi kwamba haikutolewa katika CD hadi mwaka 2017. Kisha, mnamo Agosti na Septemba 1973, aliwakusanya Molina, Talbot, Nils Lofgren na Ben Keith katika chumba cha mazoezi huko Hollywood. Walikunywa tequila hadi usiku wa manane ndipo wakaanza kupiga. Sauti inakatika, funguo zinakosewa, na mikrofoni inagongwa. Hakuna kilichosahihishwa. Hiyo ndiyo Tonight's the Night. Iliwekwa kabatini kwa takribani miaka miwili, na ilitoka kwa njia ya ajabu: mwaka 1975 Young alikuwa na albamu nyingine tayari, Homegrown, tulivu na ya kuvutia sokoni. Akawasikilizisha rafiki zake kanda zote mbili usiku mmoja. Rick Danko wa bendi ya The Band alipoisikia ile ya msiba, alisema hiyo ndiyo itolewe. Young akakubali. Homegrown ilikaa gizani hadi mwaka 2020.

Mwandishi wa safu hii anaamini kwamba Tonight's the Night ndiyo kazi kuu ya Neil Young. Je, basi mgeni aanzie hapo? La, hasha. Wapo wajuzi wanaowasukumia wageni albamu hiyo mara moja, kwa kujionyesha zaidi kuliko kwa kusaidia. Hatumpeleki mgeni matangani asipomjua marehemu. Atakaa pale ukumbini, atasikia vilio, atatazama huku na huko, na mwisho atauliza iwapo hapana mahali pengine pa kwenda. Kilio cha albamu hiyo hakina maana kwa asiyejua nani ameondoka.

Kwa hiyo aanze na Everybody Knows This Is Nowhere, ambako Whitten yu hai na anaimba. Aisikilize mara tatu au nne. Ndipo aje After the Gold Rush ya mwaka 1970, na baada yake Harvest, ambayo sasa itamwonyesha sura nyingine. Katikati ya utulivu wote ule mna wimbo mmoja wa dakika mbili, “The Needle and the Damage Done”, ulionaswa mbele ya hadhira mnamo Januari 1971, unaohusu heroini na watu inaowamaliza. Wimbo ulitungwa Whitten akiwa angali hai, na rafiki yake akiona anakoelekea. Anayeanza na Harvest huusikia kama wimbo wa huzuni usio na mwenyewe. Anayetoka mwaka 1969 anajua ni nani anayezungumziwa, na hawezi kuimaliza albamu akiwa na utulivu ule ule. Tofauti kati ya wasikilizaji hao wawili ndiyo inayonifanya nishike kalamu kuandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo.

Yatakayofuata baada ya matanga hayahitaji mwongozo mkubwa. Mwenye muda wa albamu moja tu maishani, na watu kama hao wapo, nitampa Rust Never Sleeps ya mwaka 1979: nusu ya kwanza gita la mbao, nusu ya pili Crazy Horse wakiunguruma, nao wimbo mmoja unaifungua na kuifunga kwa sura mbili tofauti. Miaka ya 1980 ina vichekesho vyake. Kampuni ya Geffen ilimshtaki Young mwaka 1983, ikidai zaidi ya dola milioni 3 kwa hoja kwamba muziki aliowapelekea haukufanana na wake. Mtunzi akashtakiwa kwa kutojiiga! Kesi ilifutwa, na mwenye kampuni akaomba radhi. Moja ya albamu zilizowaudhi ilikuwa Trans, ambamo sauti yake imepitishwa katika mtambo hadi haitambuliki. Wengi waliicheka, hadi alipoeleza baadaye kwamba alikuwa akihangaika kuzungumza na mwanawe, aliyezaliwa na ulemavu uliomzuia kusema. Bado siipendi sana, lakini siicheki tena. Baada ya hapo Freedom ya mwaka 1989, Ragged Glory ya mwaka 1990 na Harvest Moon ya mwaka 1992 zinajitosheleza. Za karne hii ni nyingi kupita kiasi, na nyingine zingalibaki kabatini pasingaliharibika kitu.

Litaletwa pingamizi kwamba siku hizi hakuna anayenunua santuri, kwamba muziki wote umo ndani ya simu na kila mtu anachukua wimbo autakao. Ni kweli, na ndiyo sababu swali la mwanzo limekuwa zito kuliko lilivyokuwa. Zamani mnunuzi alilazimika kuichukua albamu nzima, mbivu na mbichi. Leo simu humtangulizia mtu nyimbo zilizosikilizwa na wengi, na zilizosikilizwa na wengi huzidi kusikilizwa, ikawa mtunzi wa nyimbo mamia anajulikana kwa tano. Hata hapa kwetu wapo wengi wasiomjua Fadhili William isipokuwa kwa “Malaika”. Young mwenyewe aliziondoa nyimbo zake Spotify mnamo Januari 2022 katika mzozo juu ya habari za uongo kuhusu chanjo, akazirejesha Machi 2024, na kote alipokuwa hayupo albamu zake hazikupungua hata moja. Zilikuwapo kwingineko, kwa mpangilio wake, kwa yeyote aliyekuwa tayari kuzitafuta.

Limebaki jambo moja la kumwambia atakayeufuata mpangilio huu. Atakapofika Tonight's the Night, baada ya nyimbo kadhaa za maombolezo, atakuta wimbo mmoja wa furaha, wenye kelele za jukwaani, usiofanana na wenzake hata kidogo. Ulinaswa New York mnamo Machi 1970, katika ukumbi wa Fillmore East. Anayeuongoza kwa sauti ni Danny Whitten, na msikilizaji aliyeanza na albamu ile ya 1969 ataitambua sauti hiyo kabla ya kuambiwa ni ya nani.