Bulimia Inatibika, Hata Mtwara

Anayekula kupita kiasi kwa siri kisha akajitapisha hahitaji kukemewa, anahitaji tiba. Daktari Gerald Russell wa London aliueleza ugonjwa huu, bulimia, mwaka 1979, na leo tiba yake inajulikana: mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, milo isiyorukwa na, kwa baadhi, dawa ya fluoksetini. Kuchelewa ni hatari. Kujitapisha mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla. Wagonjwa wengi wana uzito wa kawaida, ndiyo maana jamaa hawashtuki.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta dalili za matatizo ya ulaji kwa wanawake wa Tanzania. Wengine watasema hatuna mabingwa. Ni kweli, wa afya ya akili ni wachache mno. Lakini mwongozo wa kujisaidia, mgonjwa akisimamiwa na mhudumu aliyefunzwa, umewaponya watu hata bila bingwa. Basi zahanati za pwani ya Mtwara, toka Mikindani hadi Msimbati, ziwaulize wagonjwa kuhusu ulaji wao bila kuhukumu, na Hospitali ya Ligula ipime potasiamu na kuanza tiba. Wizara ya Afya iwafunze wahudumu wa zahanati hizo sasa.