Nguruwe wa Homa Bay wasitupwe kwa tamaa ya mbegu za kigeni

MFUGAJI wa Migori au Homa Bay anapotafuta dume la kupandisha nguruwe wake, aghalabu hutazama ukubwa wa mwili na wepesi wa kukua. Swali la nyama yenyewe itakuwaje ikifika jikoni huulizwa baadaye, ikiwa litaulizwa.

Hilo ni kosa, kwa sababu ubora wa nyama kwa kiasi fulani hurithiwa. Large White na Landrace husifika kwa kukua haraka na kuwa na minofu mingi. Duroc naye hujulikana kwa mafuta yaliyotapakaa ndani ya mnofu, ambayo huilainisha nyama na kuipa ladha.

Ulaya ilijifunza somo hili kwa hasara. Nguruwe wa Pietrain kutoka Ubelgiji alipendwa kwa wingi wa minofu, kumbe wengi wao walibeba jeni yenye dosari. Aliyeirithi kwa baba na mama pia hushtuka upesi anaposafirishwa, na huweza hata kufa njiani. Akichinjwa, nyama yake hupauka, hulegea na kuvuja maji. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huwa na minofu zaidi, na ndiyo maana wafugaji walimchagua na kuieneza dosari bila kujua. Ni mwaka wa 1991 ambapo watafiti nchini Kanada waliibainisha jeni hiyo, na kipimo chake kikapatikana.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuzingatia. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2018 ulilinganisha nguruwe wa vijijini wa Busia na wa Homa Bay. Wale wa Busia walikuwa wamechanganyika sana na mbegu za kigeni, ilhali wa Homa Bay walibaki na asili yao ya kienyeji. Aidha, nguruwe wa Busia ambao hawakupatikana na virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika walikuwa na damu ya kienyeji nyingi kuliko walioambukizwa. Maradhi hayo, ambayo maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yalitoka Kenya mwaka wa 1921, hayana tiba na huweza kumaliza zizi zima.

Hatusemi mbegu za kigeni zikataliwe. Mfugaji anahitaji karo, na nguruwe anayechelewa kukomaa humtia hasara. Hata hivyo, serikali za kaunti zingehakikisha kwamba madume yanayoletwa yamepimwa jeni, kumbukumbu za uzazi zimewekwa, na kundi la kienyeji limehifadhiwa kabla halijamezwa. Wafugaji nao wakumbuke kwamba mbegu njema huharibiwa na viboko na jua kali siku ya kuchinja.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Damu ya kienyeji ikishapotea Homa Bay, hakuna soko litakalotuuzia nyingine.